Hasifa na Mark II Iliyowashinda Mafundi

Mpwa wangu Hasifa ana miaka ishirini na saba. Ukikutana naye njiani na mtandio wake na kandambili zake, utafikiri anakwenda sokoni kununua dagaa. Usidanganyike. Huyo ndiye aliyeipandisha Mark II ya Sule, gari ya zamani, mlima wa Maracha ikinguruma kama imetoka kiwandani jana. Na kama unataka kujua nani alimpa akili hizo, usiende mbali. Niko hapa, Swaka, dereva mstaafu wa malori ya Oraba na Juba. Shule niliishia darasa la sita, kwa sababu mwalimu wa la saba aliogopa kunifundisha.

Mama yake, dada yangu Mariam Poni, alitaka binti ajifunze kushona. Cherehani ikanunuliwa. Wiki ya pili Hasifa alikuwa ameifungua yote mezani, skrubu moja moja, na Mariam Poni amekaa mlangoni ameshika kichwa.

"Swaka," akaniambia, "huyu mtoto umemharibu wewe na malori yako."

Kesho yake cherehani ilikuwa inashona tena, na ile kelele yake ya tangu dukani imekwisha. Nguo, lakini, Hasifa hakushona hata moja mpaka leo. Alikwenda Koboko, mji wa mpakani, akakaa miaka minne kwenye kibanda cha kutengeneza simu, na huko akampata Dieumerci, fundi wa umeme wa magari kutoka Ariwara, upande wa Kongo, mtu mfupi mwenye sauti ya spika ya harusi. Dieumerci alimfundisha kusoma waya za gari kama watu wanavyosoma barua. Siku moja aliniuliza, "Huyu binti iko natoka wapi?" Nikamjibu, "Mjomba wake amesimama mbele yako, halafu unauliza?"

Miaka mitatu iliyopita Hasifa alirudi kwetu Arua, akaingia yadi ya mafundi iliyo kwenye njia ya Pajulu. Yadi hiyo kila fundi ana nafasi yake: nguzo nne, mabati juu, na jina lake limeandikwa kwa rangi. Hasifa hakuwa na nafasi. Alikuwa wa kuitwa tu. Hasifa, njoo angalia taa. Hasifa, starta imekufa. Anatengeneza, anafuta mikono, halafu gari inatoka kwa jina la mwanaume mwingine, na mwenye gari anamshukuru huyo mwingine. Miaka mitatu! Mimi ningekuwa nimeshapigana na watu kumi na moja.

Sasa, yadi hiyo ina desturi yake, na nafasi hupati kwa kuomba. Wanakupa gari iliyowashinda wote. Ukisema iko tayari, mwenyekiti anabandika karatasi pale boneti inapofungia, anatia sahihi yake juu, na gari inakwenda Koboko na kurudi siku hiyo hiyo. Ikirudi kwa nguvu zake, karatasi haijachanika, nafasi ni yako. Ikikushinda njiani, unafunga spana zako na kuondoka yadini kabisa. Hakuna mara ya pili. Niliwajua wanaume watatu walioanguka mtihani huo. Mmoja sasa anauza nyanya, na nyanya zenyewe si nzuri.

Mwenyekiti ni Mzee Ondoga. Amefungua injini nyingi kuliko kuku niliokula mimi, na kuku nimekula. Masikio yake yanasifiwa mpaka Omugo. Anasimama mbele ya lori inayonguruma, anafumba macho, anakuambia ni valvu ya tatu, na ukifungua unakuta ni ya tatu. Basi mwezi wa tano fundi mmoja alihamia Juba, nafasi yake ikabaki wazi, nafasi nzuri karibu na lango. Wakaitana mkutano. Hasifa akainua mkono.

Yadi nzima ikacheka. Mimi nilikuwepo, nilicheka pia, lakini kwa sababu nilijua kitakachowapata.

"Wewe?" Ondoga akauliza. "Binti, nafasi iko na kazi nzito. Iko na grisi."

"Grisi naijua, Mzee. Nipe gari."

"Nakupa ile ya Sule."

Hapo kicheko kikakatika. Hata wale wasiompenda waliona hiyo ni kama kumfukuza mtu kwa heshima.

Sule ni dereva wa kukodiwa, na Mark II yake nyeupe ni ya mwaka tisini na sita, plagi sita, turbo juu yake. Zamani ilikuwa gari. Mwaka juzi nozeli za petroli zilikufa, za aina ile hazikupatikana, akafungiwa za gari nyingine, kubwa zaidi. Tangu siku hiyo ikawa inakunywa kama ng'ombe aliyetoka Yumbe kwa miguu. Moshi mweusi nyuma, na ikifika mlimani inakohoa mpaka abiria wanashuka kwa huruma. Mafundi saba waliishika. Wakabadilisha plagi, pampu, chujio, koili. Wa saba aliipiga teke, na hilo ndilo lilikuwa tengenezo la maana kuliko yote.

Hasifa hakugusa spana kwa siku mbili. Alikaa tu na kimita chake anapima waya. Siku ya tatu akaniambia, "Mjomba, gari haina ugonjwa. Kontrol boksi yake, ile kompyuta ya injini, haijui kwamba nozeli zimebadilishwa. Inazifungua kwa muda ule ule wa zamani, na sasa mlango ni mkubwa. Petroli inamwagika."

"Hilo nililijua," nikasema.

Akaniangalia. Akaagiza kitu kutoka Kampala. Kilikuja kwa basi, kimefungwa kwenye gazeti: kisanduku cha bati, ukubwa wa pakiti ya majani ya chai, na mkia wa waya za rangi zote. Mtumba, kimetolewa kwenye gari ya mashindano iliyopinduka. Nilidhani ni redio.

"Hiki kinafanya nini?"

"Mjomba, unakumbuka ulipokwenda kuoa Koboko, kwa Wakakwa? Si ulikuwa na mkalimani?"

"Nilikuwa na mkalimani, ndiyo. Kikakwa changu kilikuwa cha kuulizia njia tu."

"Mama anasema wakwe walikuwa wakikutukana, na yule mkalimani anakuambia wanakusalimia. Ndiyo maana ukapata mke."

"Mariam Poni ana mdomo."

"Basi kisanduku hiki ni yule mkalimani. Kinakaa kati ya sensa ya hewa na kontrol boksi. Sensa inapiga kelele, hewa ni nyingi sana. Chenyewe kinafikisha maneno kwa upole, hewa ni kidogo. Kontrol boksi inapunguza petroli. Na mimi kwa laptopu ndiye ninayekipangia, hapa punguza sana, hapa kidogo, hapa acha."

Ndugu msomaji, nimezunguka na injini miaka thelathini, na sijawahi kuelezwa jambo kwa urahisi hivyo, ingawa mfano ungekuwa mwingine.

Siku ya kwanza baada ya kuunganisha, gari haikuwaka kabisa. Alikuwa amechanganya waya mbili. Yadi ikafurahi kama imepata sikukuu. Siku ya pili ikawaka. Wiki tatu akawa anapanda na kushuka njia ya Pajulu, Sule ameshika usukani, yeye laptopu magotini, na kijisaa kidogo cha kupima moshi amekichomeka kwenye silensa. Watoto wa shule walizoea mpaka wakawa hawapungi mkono tena. Moshi ukapungua. Ukawa wa kijivu, kisha ukawa haupo. Na turbo ikianza kuvuta, ah! Ile gari iliyokuwa ikikohoa ilikuwa inakubana mgongo kwenye kiti.

Jumanne asubuhi Mzee Ondoga akaleta karatasi yake na gundi. Akabandika, akatia sahihi ndefu kama ya waziri, akaingia kiti cha nyuma kuwa shahidi. Kando yake nikaingia mimi.

"Wewe nani amekuita?" akauliza.

"Mshauri," nikasema.

Kwenda ilikuwa kama kuteleza kwenye mafuta ya simsim. Tukapita Ombaci, tukapita Maracha, Sule anapiga mluzi, Hasifa mbele anaangalia laptopu tu. Ondoga alikuwa amefumba macho. Nilidhani amelala, kumbe anasikiliza. Tulipofika Koboko akafumbua, akasema neno moja: "Naam." Kwa Ondoga hiyo ni hotuba.

Na hapa ndipo nataka mnielewe vizuri, kwa sababu watu wamesema mengi juu yangu.

Adhuhuri ilikuwa imeingia. Hasifa na Sule wakaenda msikitini, Ondoga akaenda kula. Mimi nilikuwa nimeswali mapema, kwa haraka kidogo. Nikaangalia geji, nikaona tangi limebaki robo. Nikafikiri, huyu mtoto ana mawazo mengi leo, acha mjomba amsaidie. Ufunguo Sule alikuwa ameniachia, nikaipeleka gari kwa Mama Rosine, Mkongomani anayeuza petroli kwa madumu kwenye njia ya Oraba. Nani kati yetu huku hajanunua petroli ya dumu? Babu zenu wamenunua! Rosine akamimina madumu mawili, akaniita shemeji, nikafurahi, nikarudisha gari mahali pake. Sikusema. Wema hautangazwi.

Tukaanza kurudi. Kilomita za kwanza, sawa, petroli ya zamani ilikuwa bado kwenye mipira. Tukafika mpando wa kwanza kabla ya Maracha, Sule akakanyaga, na kutoka mbele ikaja sauti ndogo, kavu, kama mtu anatikisa kokoto ndani ya kopo la maziwa.

Ondoga akafumbua macho.

"Ondoa mguu!" Hasifa akapiga kelele. "Sule, ondoa mguu, simama!"

Tukasimama kando. Yeye bila kugeuka akauliza polepole, "Nani ametia mafuta?"

Sule akasema wallahi si yeye. Ondoga akasema yeye alikuwa anakula. Halafu wote watatu wakanigeukia, na mimi nikaona ni vizuri kuangalia mihogo ya watu.

"Mjomba."

"Nilitaka kukusaidia."

"Ya dumu?"

"Ya Rosine. Iko safi. Ananijua."

Hasifa akafunga macho. Sikuwahi kumwona hivyo. Binti huyu hata alipoanguka kutoka juu ya mwembe akavunja mkono hakulia, na sasa alikuwa anafuta macho kwa ncha ya mtandio. Miaka mitatu ya kufanya kazi kwenye kona za watu, na mjomba wake amekuja kuimwagia madumu mawili.

Ondoga akanielezea, kwa sauti ya kumwelezea mgonjwa. "Petroli ya dumu mara nyingi imechanganywa, iko na mafuta ya taa ndani. Nawaka mbele ya wakati. Piston bado iko napanda, moto unaipiga kichwani. Ukiendelea hivi milima miwili, piston inatoboka."

"Basi tuimwage," nikasema.

"Tutie nini? Kituo cha mafuta kiko wapi hapa? Na kama gari navutwa, mtihani umekwisha." Akaiangalia karatasi yake kwenye boneti. "Na boneti hapana funguliwa. Mimi nasikitika, binti. Ilikuwa naenda vizuri."

Nilitegemea Hasifa anitukane. Ningekubali hata tusi alilofundishwa na Dieumerci. Lakini alisema kitu ambacho nimekisimulia Arua nzima.

"Makosa ni yangu. Nimeipanga kwa petroli ya stesheni ya mafuta peke yake. Nimetengeneza gari ya watu wa Japani. Hapa watu wanatia ya dumu kila siku, mimi mwenyewe nimekua nikiona. Ilikuwa lazima nijue."

Akafungua laptopu.

"Mzee, umesema boneti isifunguliwe."

"Ndiyo."

"Kisanduku kiko chini ya dashibodi, hapa miguuni pangu."

Sule akaanza kutabasamu.

"Kinaweza kuchelewesha moto pia," Hasifa akasema. "Nikiuchelewesha kidogo, na nikiongeza petroli kidogo turbo inapovuta, haitagonga. Lakini nikichelewesha sana, gari itakuwa nzito, haitapanda, na itachemka. Nataka kupata pale katikati. Hapa sina mashine ya kuniambia." Akageuka, akamwangalia yule mzee machoni. "Wewe iko na masikio, Mzee. Mimi nitapanga, wewe nisikilizie."

Shahidi anamsaidia anayejaribiwa? Nilimwona anapigana na nafsi yake. Lakini wewe mwombe mpishi aonje chumvi uone kama atakataa. Akasogea mbele, akatia kichwa kati ya viti viwili, akafumba macho.

"Twende," akasema. "Polepole."

Tukarudi chini ya mpando, tukapanda mara ya kwanza.

"Inagonga! Iko nyingi."

Hasifa akabonyeza vidole. Tukashuka kwa rivasi, tukapanda tena.

"Bado. Lakini imepungua. Iko pale gari inapoanza kuvuta, baada ya mizunguko elfu tatu."

"Hapo hapo nilipofikiri," Hasifa akasema, anabonyeza.

Mwendesha pikipiki mmoja mwenye mbuzi nyuma alisimama kutuangalia. Nikamwambia ni kazi ya serikali, akaondoka.

Mara ya tatu Ondoga akainua kidole kimoja. "Moja tu. Pale juu kabisa. Ndogo, kama panya." Mara ya nne Sule akakanyaga mpaka chini, na injini ikapanda ule mpando wote, na Mzee Ondoga hakusema kitu. Tukafika juu. Bado kimya. Kisha yule mzee, mwenyekiti wa mafundi wote, akapiga kiti cha Hasifa kofi mbili na kucheka kama mtu wa miaka ishirini.

"Hakuna! Hakuna kitu! Binti, imenyamaza!"

Geji ya joto haikusogea. Hasifa akahifadhi ile mipango kwenye kisanduku, akaipa jina "Dumu," ile ya asubuhi akaiita "Stesheni," na akasema kesho atafunga swichi ndogo chini ya usukani, dereva achague mwenyewe kulingana na alichokunywesha gari.

Mlima wa Maracha ulikuwa mbele yetu. Mbele pia kulikuwa na Land Cruiser nyeupe ya shirika moja, mpya, bendera na antena ndefu kama fimbo ya kuvulia samaki. Sule akamwangalia Hasifa. Hasifa akamwangalia Ondoga. Mwenyekiti akavuta mkanda wake akafunga, akasema, "Barabara iko wazi."

Sitawaeleza yote. Nasema tu tulipowapita, dereva wao aliangalia Mark II ya tisini na sita, petroli ya Rosine tumboni, watu wanne ndani, hakuna hata uzi wa moshi nyuma, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyesalimiwa na kuku. Mimi niliwapungia mkono kwa niaba ya wote.

Tulipoingia yadini jua lilikuwa bado kali. Mafundi wakajaa. Karatasi ilikuwa pale pale, na vumbi juu yake. Adriko, fundi wa gia ambaye nafasi yake inapakana na ile iliyo wazi, akasikia habari ya mpando na kuruka juu.

"Amepanga gari njiani! Huo ni ufundi wa njiani! Mtihani umeharibika!"

"Boneti imefunguliwa?" Ondoga akauliza.

"Hapana, lakini..."

"Gari imevutwa?"

"Hapana, lakini Mzee, ameikalia tu na kompyuta!"

"Adriko, wewe gari ikianza kugonga njiani unafanya nini?"

"Nafungua."

"Halafu?"

Adriko akaanza kujifuta grisi mikononi.

"Halafu unaita lori ikuvute," Ondoga akasema. "Yeye ameketi, hakuchafua mikono, na tumepita gari mpya ya wazungu mlimani. Mimi mwenyewe nilikuwa ndani. Mimi mwenyewe nimesikiliza. Kama mutu anabisha, abishane na masikio yangu."

Hakuna aliyebisha na masikio yale. Ondoga akachana karatasi kwa mkono wake, akafungua boneti, na kila mtu akaweka kichwa ndani. Sule alikuwa anazunguka gari yake anaishika mbavu kama anayenunua farasi. Mmoja akamuuliza Hasifa kama kisanduku kinaweza kufungwa kwenye Subaru ya zamani. Mwingine akauliza kama iko ya dizeli. Niliwajibu mimi, kwa sababu Hasifa alikuwa hayupo hapo tena.

Alikuwa amekwenda kwenye nafasi karibu na lango. Alisimama katikati yake, akaangalia mabati, akaangalia nguzo moja moja. Kisha akapima kwa hatua kutoka nguzo ya kulia. Kulikuwa na gia boksi ya lori, ya Adriko, imeingia ndani ya mstari kama futi mbili, imekaa hapo tangu mwezi wa tano.

"Adriko," akaita, bila kupaza sauti. "Hii iko ndani ya nafasi yangu."

Adriko akatuangalia sote. Akamwangalia Ondoga, ambaye alikuwa anaisifu turbo na hakutaka kusumbuliwa. Kisha akakunja mikono ya shati, akainama, akaikumbatia ile gia boksi na kuisogeza.

"Kidogo tena," Hasifa akasema.

Akasogeza tena.